Tiki ya uongo nayo ni jinai

Ukitaja kughushi hapa Mbeya, watu wanawaza cheti. Wanamkumbuka jirani aliyeondolewa kazini mwaka 2017, baada ya Rais Magufuli kukabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma pale Dodoma tarehe 28 Aprili, yenye watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Ni wachache wanaowaza daftari la mahudhurio, rejista ya wanafunzi au fomu ya uhamisho. Nilifundisha kabla ya kuwa msaidizi wa kisheria, na uongo ulioumiza watoto kuliko wote niliuona humo, kwenye madaftari ya jalada gumu yanayokaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Haya hapa maneno ninayoyasikia watu wakijitetea nayo, na majibu yangu.

"Daftari la darasa ni la mwalimu, si hati ya kumpeleka mtu mahakamani."

Ni hati. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema kughushi ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Haikuchagua cheti peke yake. Kubadili maandishi bila mamlaka, kuchomeka neno ambalo halikuwepo, kusaini kwa jina la mwenzako bila ruhusa yake, vyote vimo. Adhabu ya jumla inafika kifungo cha miaka saba, na hati haihitaji mhuri wa taifa ndipo ihesabike.

Wakati wa mpunga kule Mbarali mtoto yuko shambani anaamia ndege, na mwalimu wa darasa anamwekea tiki ili asilimia ya mahudhurio isishuke kabla wakaguzi hawajafika. Nafahamu shinikizo lenyewe, nimeishi nalo. Lakini tofauti kati ya kosa la kalamu na jinai ni nia. Mwalimu aliyepitiwa akaweka tiki kwenye mstari usio wake, kisha akaikata na kusaini pembeni, hajaghushi kitu. Aliyekaa Ijumaa akajaza wiki nzima ya mtoto asiyekuwepo, akijua, huyo amedanganya kwa maandishi.

Tena majina yana fedha nyuma yake. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji inapigiwa hesabu kwa kichwa, Sh 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Ndiyo maana mwaka huohuo kulifanyika uhakiki wa wanafunzi hewa, na wapo walimu wakuu waliovuliwa vyeo. Kuvuliwa cheo hakufuti jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 ina kosa lake la kutumia nyaraka kumpotosha mwajiri: faini isiyozidi shilingi milioni saba, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili.

"Tukiandika amehama, tunamsitiri binti."

Hapa naomba tukae kidogo.

Binti wa kidato cha pili ana mimba. Wazee wa pande mbili wamekaa na wamekubaliana. Baba anakuja shuleni na maneno yaleyale: "Mwalimu, tumeshayamaliza kifamilia, tusaidie tu kwenye karatasi." Kinachofuata ni neno moja kwenye rejista, "amehama" au "mtoro", na mara nyingine tarehe inayorudishwa nyuma, ionekane aliacha shule miezi kadhaa kabla ya mimba.

Tarehe ile haikurudishwa nyuma bure. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Kosa hilo limesimama juu ya jambo moja, kwamba binti alikuwa mwanafunzi. Shahidi wa kwanza wa jambo hilo ni rejista. Ukiigeuza, umempokonya mwendesha mashtaka ushahidi kabla hajaushika. Ndivyo ilivyo pia kwa mwaka wa kuzaliwa: chini ya miaka 18 sheria ya ubakaji haiulizi kama binti aliridhia, kwa hiyo kuna anayetaka "2009" isomeke "2006". Mwalimu anayekubali anajiweka kwenye kughushi, na anaweza kukuta shtaka la kuharibu ushahidi au la kula njama kuzuia haki likimsubiri.

Sheria ya Elimu hiyohiyo inamtaka mkuu wa shule atunze kumbukumbu za mimba na ndoa za wanafunzi na kutoa taarifa kila robo mwaka. Kunyamaza kwake si upole.

Na binti mwenyewe anapoteza. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatishwa masomo kwa mimba warudi kwenye mfumo rasmi. Arudi vipi, ikiwa karatasi inasema alihamia shule ambayo hakuwahi kuikanyaga? Nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye benchi nje ya ofisi, mjukuu mgongoni, tukitafuta jina la bintiye. Shule ya zamani ilimwandika kuwa amehama, ile iliyoandikwa haikumjua. Aliyetia saini ile fomu alikuwa mtu mwema, anayempenda yule binti. Bado siwezi kuyaita yale kusitiri. Aliyesitiriwa ni mwanaume.

"Niliagizwa na mkubwa wangu."

Amri ya mkubwa haikuondoi hatiani. Sheria inasikiliza utetezi wa kulazimishwa pale tu mtu alipotishiwa kuuawa au kudhuriwa vibaya papo hapo. Kutishiwa uhamisho wa kupelekwa shule ya pembezoni hakufiki hapo, ingawa najua kunavyouma ukiwa na watoto wadogo nyumbani. Anayelazimishwa aombe agizo kwa maandishi. Mara nyingi linaishia hapo.

"Sikutengeneza mimi, nilipewa nikawasilisha."

Kuwasilisha hati ya uongo huku ukijua ni ya uongo ni kosa lake lenyewe, na adhabu yake ni ileile ya aliyeitengeneza. Kijana wa stesheneri aliyebadili alama kwenye kompyuta na mzazi aliyeipeleka fomu dirishani wanasimama kizimba kimoja.

"Cheti ni halali, ni cha dada yangu."

Uhalali wa karatasi haukufanyi uwe dada yako. Kujifanya mtu aliyetajwa kwenye cheti ni kosa, na dada aliyekuazima kwa kukusudia hivyo naye ana kosa. Uhakiki wa 2017 ulikuta vyeti 1,538 vikitumiwa na watu zaidi ya 3,000.

"Imepita miaka ishirini, yameisha."

Jinai haiozi. Waliokutwa mwaka 2017 wengine walikuwa wanakaribia kustaafu. Mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarejeshea michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na watu wakasema wamesamehewa. Walirudishiwa fedha yao. Kosa halikufutwa.

"Mwanafunzi akikamatwa, anafungwa miaka saba."

Aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela, Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza. Shauri lake linakwenda mahakama ya watoto. Nalisema hili kwa sababu kuna wazazi hukimbiza mtoto kumpeleka kwa shangazi Tunduma badala ya kumtafutia wakili.

Kuna hofu nyingine inayonisikitisha, ya watu wasio na hatia kabisa. Rejista inasema "Tumaini", cheti cha kuzaliwa kinasema "Tumain", na mzazi anakwenda sokoni Mwanjelwa kumtafuta wa kuongeza herufi kwa sababu anaamini kuomba marekebisho ni kujishtaki. Siyo. Nenda kwa mkuu wa shule na cheti cha kuzaliwa, omba kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama mtoto ni wa msingi, hakikisha na jina lililoko kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani limerekebishwa kabla ya usajili wa darasa la saba. Mtu mzima ambaye majina yake yanatofautiana anakwenda kwa wakili kuandaa hati ya kiapo. Aliyepotelewa na cheti anaanza polisi, anapata taarifa ya upotevu, ndipo anaomba kwa Baraza la Mitihani.