Geko gagoili hahitaji taa kali

Wengi huamini kwamba kila mjusi anayefugwa ndani lazima awekewe taa kali ya kumpa joto. Kwa geko gagoili, mjusi aitwaye kwa Kiingereza gargoyle gecko, imani hiyo inaweza kumuua. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na huzunguka usiku. Nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi zinamtosha kabisa. Joto likikaa juu ya 28, hulegea na kuacha kula. Ninachomhurumia zaidi ni kiu. Mtazame jioni baada ya kunyunyizia maji: hulamba matone kwenye majani, kisha hujilamba jicho kulisafisha, maana hana kope za kufumba. Mchana acha tangi analofugiwa likauke kidogo, na kipimajoto kibaki humo daima.