Darasa linaloongea sio ukuta uliojaa manila

Jamani walimu wenzangu, hili la "darasa linaloongea" sasa limeenda kombo. Mtu anapiga picha ukuta umejaa karatasi za manila kuanzia chini mpaka kwenye kenchi, anairusha kwenye grupu, afu wote tunashangilia hongera mwalimu darasa linaongea. Linaongea na nani?

Kifupi, darasa linaloongea ni darasa la wadogo, hasa awali, la kwanza na la pili, lililopangwa mtoto ajifunze kwa vitu vilivyomo hata mwalimu akiwa hajafungua mdomo. Basi.

Shida watu wanachanganya pambo na zana. Pambo unaliangalia, zana unaishika. Chati ya a e i o u ambayo hata wewe mwenyewe unapanda kiti kuifikia, kwa mtoto wa miaka 5 hilo ni pambo tu hata ungeiandika kwa mwandiko mzuri vipi. Herufi hizohizo zikate kwenye maboksi, weka kwenye kikapu kona ya lugha (sehemu ya darasa yenye zana za lugha), mtoto azishike, azipitishe kidole, apange ba be bi avuruge aanze tena, hapo sasa linaongea. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Roma 1907, herufi zake alizikata kwa karatasi ya msasa ili vidole navyo visome, na wala haihitaji hela nyingi, msasa ni wa dukani kwa fundi tu.

Na usalama nao sio kubandika USIKIMBIE mlangoni kwa watoto ambao hawajui kusoma (hii huwa inanichekesha). Usalama ni vizibo vya kuhesabia umevigonga kingo zisikate, mbegu ni za ukubwa usioingia puani, rafu haiyumbi mtoto akiing'ang'ania. Wengi tumepita mbali ule uwiano unaotakiwa darasa la awali, mwalimu mmoja kwa watoto 25, najua, ndo maana kona zinaendewa kwa zamu, sio wote kurukia kikapu kimoja.

Kwa hiyo mwalimu, ukuta wako mzuri kweli, ila shusha chati ziwe usawa wa macho ya mtoto aliyesimama, na zile zana ulizofaragua (ulizotengeneza mwenyewe kwa vitu vya kawaida) ukazifungia kabatini zikisubiri wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, zitoe, watoto wazichezee. Zikichakaa utafaragua zingine.