Ramani ya wazi ya nishati: kwa nini mstari uliopita juu ya paa si stima

Shangazi yangu anaishi Nyakach, kaunti ya Kisumu. Ukisimama uani kwake ukainua macho, unaona nyaya nene zinazoning'inia kwenye milingoti ya chuma, zikitoka kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu kuelekea Kisumu mjini. Asubuhi zenye ukungu utazisikia zikivuma kama nyuki walio mbali. Chini ya nyaya hizo, kwa miaka mingi, shangazi amewasha koroboi.

"Mwanangu," aliniuliza siku moja akichambua mboga, "hii stima inanipita kichwani usiku na mchana. Hao wa serikali hawajui niko hapa?"

Sikuwa na jibu, lakini nilijua jibu linapopaswa kukaa: kwenye ramani ya wazi ya miundombinu ya nishati. Hiyo ni ramani iliyowekwa kwenye intaneti, ambayo mtu yeyote anaifungua bila kulipa wala kubembeleza ofisi, akaona mitambo ya kuzalisha umeme iko wapi, laini zinapita wapi, sabstesheni na transfoma ziko wapi, na pengine hata mabomba ya mafuta. Kazi yake si urembo. Inamwezesha mwananchi kulinganisha kile serikali ilichosema imejenga na kile kilichosimama ardhini.

Neno linalobeba mzigo hapo ni "wazi". Watu wengi hudhani ramani ikionekana basi iko wazi. Ripoti nyingi za serikali zina ramani nzuri, zenye rangi, zilizobanwa kwenye ukurasa mmoja. Hizo ni picha tu. Huwezi kuisogelea picha hadi kijijini kwenu, huwezi kuhesabu transfoma zilizo katika wadi yako, huwezi kuilinganisha na ile ya mwaka juzi. Ramani huwa wazi pale jedwali lililo nyuma yake linapopakuliwa na yeyote: kila transfoma na mahali ilipo, ukubwa wake, mwaka iliowekwa, mwenye nayo. Kipimo changu mimi ni kimoja. Je, unaweza kuiuliza ramani hiyo swali ambalo aliyeichora hakulitarajia?

Turudi kwa shangazi. Laini inayompita ina nguvu ya volti 132,000. Taa ya nyumbani hutumia volti 240. Kati ya namba hizo mbili kuna ngazi kadhaa: umeme unaingia sabstesheni, unashushwa hadi volti 33,000 au 11,000, unasambazwa kwa nguzo za mbao au za zege, kisha transfoma ya kijiji inaumalizia. Laini ya 132 ni sawa na basi la usiku la Nairobi kwenda Kisumu. Linapita mbele ya geti lako, unaona taa zake, lakini halisimami kwako hata ukipunga shuka nzima. Ramani nzuri hupaka kila ngazi rangi yake, na mtu akiitazama kwa dakika mbili anaelewa kwamba kukaa chini ya milingoti hakumsogezi hata hatua moja karibu na mita ya stima. La muhimu kwake ni transfoma iliyo karibu iko umbali gani.

Na umbali huo umewahi kuwa pesa. Mradi wa serikali wa kuwaunganishia watu stima, ule wa Last Mile, ulipozinduliwa mwaka 2015, waliokuwa ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma walilengwa kuunganishwa kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000. Mita 600! Ukiwa na ramani yenye transfoma zote, unachora duara kuzunguka kila moja na kuona nani yumo na nani yuko nje. Usipokuwa nayo, unategemea neno la mtu aliyekuja na kofia ya plastiki, akapiga hatua barabarani, akasema "nyinyi hamjafika", akapanda pikipiki akaenda. Nimeshuhudia jambo hilo kwa macho yangu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Jioni tukapima kwa simu kutoka kwenye nguzo hadi mlangoni, tukapata mita 540. Hatukuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Faida nyingine ya ramani kama hii ni kujua ugonge mlango upi. Wengi wetu stima ikipotea tunailaumu Kenya Power kwa kila kitu, lakini umeme una wenyewe wengi. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ndiyo yenye Sondu Miriu, megawati 60, na mdogo wake, kituo cha Sang'oro, megawati 21, kinachotumia tena maji yale yale baada ya kutoka kwenye kile cha kwanza. KETRACO, iliyoundwa mwaka 2008, hujenga laini kubwa, ikiwemo ile inayotoka Olkaria kule Naivasha kupitia Lessos hadi Kisumu. REREC hushughulika na kupeleka umeme mashambani. Kenya Power husambaza na kuuza. EPRA huwasimamia. Kwenye ramani iliyo wazi kweli, ukibonyeza mstari unapata jina la mwenye mstari. Hapo barua yako ya malalamiko haizungushwi ofisi tano.

Nchi nyingine zimeenda mbali. Idara ya takwimu za nishati ya Marekani, EIA, ina ramani mtandaoni inayoonyesha mitambo ya umeme, laini, mabomba na viwanda vya kusafisha mafuta, na data yake inapakuliwa bure. Ujerumani tangu mwaka 2019 ina rejista ya mtandaoni ambamo hata paneli za sola za juu ya nyumba ya mtu zinaandikishwa.

Kuna hoja ya usalama, na si ya kupuuzwa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliondoa ramani ya mabomba machoni pa umma. Baadaye ikairudisha kwa masharti: mwananchi anatazama kaunti moja kwa wakati mmoja, na hawezi kusogelea kupita kiwango fulani. Nauona huo kuwa mpango wa busara kwa mabomba. Ila hapa kwetu nikisikia kwamba ramani ya transfoma itawasaidia wezi wa mafuta ya transfoma, huwa nacheka. Transfoma iko juu ya nguzo, kando ya barabara, mchana kweupe. Mwizi anaijua kuliko mhandisi. Asiyeijua ni diwani anayepanga bajeti, na mama anayeambiwa hajafika. Tena kutojua nako kuna hatari zake. Septemba 2011, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliwaka katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Watu walikuwa wamejenga karibu kabisa na bomba hilo.

Kisheria, mlango upo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaitaka serikali yenyewe ichapishe habari muhimu zinazohusu taifa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu, na ukinyimwa unakwenda kwa Tume ya Utawala wa Haki, ile tunayoiita Ombudsman. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inazitaka serikali za kaunti ziandae mipango yao ya nishati, na sijui mtu atapangaje bila ramani. Ukiandika barua, usiombe "ramani", maana utaletewa picha. Omba jedwali.

Wakati unangoja siku hizo 21, kuna ramani ambayo haimngoji mtu. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na huchorwa na watu wa kujitolea kote duniani. Tovuti ya Open Infrastructure Map huchukua data hiyo na kukuonyesha miundombinu peke yake, kama vile umeme na mabomba. Kwa milingoti mikubwa ramani hiyo husaidia sana, kwa sababu kivuli cha mlingoti wa chuma huonekana hata kwenye picha ya setilaiti. Udhaifu wake uko chini kabisa, kwenye nguzo za mbao na transfoma za vijijini. Hizo hazionekani kutoka angani. Lazima mtu aende kwa miguu, asimame chini yake, aandike.

Ndivyo tulivyofanya mimi na shangazi Desemba iliyopita. Nilimfungulia ramani kwenye simu, nikamwonyesha mto, barabara, kisha ule mstari wa 132 unaokata shamba lake. Akavaa miwani. Akautafuta mti wa mwembe, hakuupata, akaipata shule.

"Na transfoma ya shule mbona haipo?"

Nikamwambia haijawekwa na mtu, twende tukaiweke. Tukatembea. Ilikuwa pale, juu ya nguzo mbili, imeota kutu pembeni, kiota cha ndege kimeshikilia waya. Nikabonyeza mahali, nikachagua alama ya transfoma. Nilikuwa karibu kuhifadhi aliponishika mkono.

"Hiyo ilipigwa na radi mwaka juzi," alisema. "Weka, lakini andika imekufa."