Mbona wa tumbo moja, mmoja avunjika nyonga na mwenziwe hapana?

Lamu swali hili huja kila nyonga ya mtu mzima inapovunjika. Ndugu wawili wa kike, baba mmoja mama mmoja, wamelelewa Langoni nyumba moja, samaki walokula ni yule yule na wali wa nazi ule ule, na hedhi wote walikoma wakikaribia hamsini. Mmoja ateleza ndani kwake, kwenye zile ngazi zetu za mawe ambazo kila kidaraja kina kimo chake, aanguka ubavu, nyonga imekwenda. Dadake ambaye ni mkubwa wake alianguka gatini akishuka mashua, tena anguko la haja, akainuka akajipangusa buibui akaokota kikapu akaenda zake sokoni. Watu watasema ni qadari, na hapo hatubishani, lakini qadari nayo ina njia zake na hii njia imechunguzwa sana.

Jibu la haraka utakalopewa ni kwamba huyu kachukua mifupa ya mamake na yule kachukua ya babake. Si uongo wote, ila limepinda vibaya na inafaa tulinyooshe kwanza manake ukilishika hivo hivo kila kitu kinachofuata utakielewa kombo.

Tuanze na huyo mama. Kwa sababu mifupa kuwa myepesi, osteoporosisi kwa jina la hospitali, huwapata zaidi wanawake na huja baada ya hedhi kukoma, watu wengi wanahesabu upande wa kikeni peke yake, mama, mama mkubwa, bibi mzaa mama, wakiwaona wazima wanatulia. Lakini vinasaba vinavyohusika na uzito wa mfupa vimetawanyika kwenye kromosomu nyingi za kawaida, nusu unapewa na mama nusu unapewa na baba, na baba anatoa fungu lake hata kama yeye mifupa haijamsumbua siku moja. Shangazi yako aliyevunjika nyonga ana habari zako vile vile kama khala yako. Ndo mana FRAX, ile hesabu ya kukadiria hatari ya kuvunjika ambayo madaktari wanayo tangu 2008, inauliza kama mzazi aliwahi kuvunjika nyonga, na mzazi hapo ni yeyote kati ya wawili. Halafu ndugu wa baba na mama mmoja wanalingana kwa wastani nusu tu ya zile sehemu ambazo watu hutofautiana. Kwa hivo dada wawili kuwa na mifupa isiyofanana wala si ajabu, ajabu ingekuwa ifanane kabisa.

La pili ni hii asilimia. Utasikia urithi unachangia asilimia 50 mpaka 80 ya uzito wa mfupa. Namba hii imetoka sana kwenye utafiti wa mapacha, wale wa yai moja wanapimwa na kulinganishwa na mapacha wa mayai mawili, na ni namba ya kweli, tatizo ni vile watu wanavyoisoma, ati katika mifupa yangu mimi robo tatu ni ya wazee na robo iliyobaki ni ya maziwa niliyokunywa. Hapana. Asilimia hiyo inazungumzia kutolingana kwa watu. Chukua kundi la wanawake, uliza mbona mifupa yao haiko sawa, basi sehemu kubwa ya kutolingana huko inafuata vinasaba, hayo ndo maneno yake yote. Ukimchomoa mwanamke mmoja kwenye lile kundi, namba haina la kumwambia. Tena ukibadilisha kundi na namba inabadilika, manake mahali ambapo wote wanakula sawa na kuhangaika sawa, urithi utaonekana mkubwa kwa sababu hakuna kingine cha kuwatenganisha.

Lakini lililopinda zaidi ni wakati. Wengi wanadhani urithi unakaa kimya miaka yote mpaka hedhi ikome ndo uamke uanze kula mifupa. Ukweli umekaa karibu kinyume. Kazi kubwa ya vinasaba hivi hufanyika msichana angali anarefuka, mfupa unaongezeka mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu, ukikaribia thelathini umefika kilele. Hapo ndipo dada wawili wanapoachana, na wala hakuna anayejua. Hedhi ikikoma wote wawili wanapungukiwa, mwanamke anaweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya mfupa wake katika ile miaka mitano hadi saba ya mwanzo, na aliyeanza na mwingi anabakia na wa kumtosha, aliyeanza na mchache anaingia hatarini mapema. Je, kasi yenyewe ya kupungua nayo ni ya kurithi? Hapa ushahidi unagongana, kuna utafiti wa mapacha ulioona urithi una mkono na mwingine ukaona mkono huo ni mdogo sana, kwa hivo mtu akikwambia familia yenu “hupoteza haraka” mwambie apunguze uhakika kidogo. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba umri wa kukoma hedhi unarithiwa kwa kiasi kikubwa, na anayekoma kabla ya 45 anakaa miaka mingi zaidi bila estrojeni, ile homoni ya kike inayoshuka hedhi ikikoma.

(Na kabla sijasahau, mifupa ikipungua haiumi. Yale maumivu ya magoti asubuhi ni habari nyingine, ni ya viungo. Huu ugonjwa wa mifupa myepesi hauna dalili mpaka kitu kivunjike au kimo kipungue.)

Sasa hiyo estrojeni inahusianaje na mfupa? Fikiria nyumba ya kale ya Mkomani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba ya hivi haiachwi ikae tu, chumvi inakula chokaa, boriti inachoka, kwa hivo daima kuna watu wanaobomoa kilichochoka na kuna waashi wanaofuata nyuma wakijaza. Mfupa wako ndo hivo, kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Wabomoaji ni seli zinazoitwa osteoklasti, waashi ni osteoblasti, na kasi zao haziko sawa hata kidogo, mbomoaji anamaliza shimo lake kwa wiki mbili tatu, mwashi kulijaza shimo hilo hilo anataka miezi mitatu au minne.

Mbomoaji haanzi kazi bila kibali. Kibali chake ni protini inayoitwa RANKL, na cha kuchekesha ni kwamba wanaokitoa ni upande wa waashi, hasa wale wazee wao waliozikwa ndani ya ukuta wenyewe, seli zinazoitwa osteositi. Halafu yupo anayezunguka kwenye jengo akinyakua vibali kabla havijamfikia mbomoaji, protini nyingine, osteoprotejerini. Estrojeni ndo mwenye nyumba. Akiwepo, vibali vinatoka vichache, wanyakuzi ni wengi, na mbomoaji aliyepitisha muda wake anatolewa. Siku mwenye nyumba akiondoka moja kwa moja, vibali vinatoka ovyo na mashimo yanafunguliwa pande zote kwa pamoja. Waashi nao hawalali, na hili wengi hawalijui, baada ya hedhi kukoma ujenzi wa mfupa unaongezeka, haupungui, ila ubomoaji umeushinda mbio. Na hasara inaanzia zaidi kule ndani, kwenye uti wa mgongo kwa mfano, ambako mfupa ni vijiti vijiti vilivyoshikana. Kijiti kikipungua unene kinaweza kujazwa, lakini boriti ikikatika katikati hata umlete fundi hodari wa Lamu nzima hana pa kuibandika chokaa.

Vinasaba vinaingia kwenye kila nafasi ya jengo hili. Kuna cha kutengeneza kibali, kuna cha mnyakuzi, kuna cha kipokezi kinachoisikia sauti ya mwenye nyumba, na vyote vitatu vimeonekana kwenye orodha za vinasaba vinavyohusiana na uzito wa mfupa. Hicho cha kipokezi kilitoa kisa cha ajabu mwaka 1994, kijana wa kiume wa miaka 28, urefu sentimita 204 na bado anarefuka, mifupa myepesi kama ya mtu wa umri mkubwa sana. Estrojeni anayo mwilini ila kipokezi chake kilikuwa kibovu. Kumbe na wanaume mifupa yao inalindwa na homoni hii tunayoiita ya kike.

Visa vizuri zaidi viko upande wa waashi. Huko Nebraska, Marekani, binti mmoja alipata ajali ya gari, eksirei ikaonyesha hakuvunjika kitu na kwamba mifupa yake ni mizito kupita kawaida. Ukoo ukapimwa, wengi wao wako vile vile, wazima kabisa. Mwaka 1997 eneo likapatikana kwenye kromosomu ya 11, na 2002 kinasaba chenyewe kikatajwa, LRP5, ambacho kwa kifupi ndo sikio la mwashi la kusikia mwito wa kazi. Lao lilikuwa halisikii amri ya kuacha. Wenye mifupa ya namna hii wengine husema hawawezi kuelea majini, kitu ambacho kwa mtoto wa Shela kingekuwa msiba. Na kinasaba hicho hicho kikiharibika upande wa pili, nakala zote mbili, mtoto anazaliwa na mifupa dhaifu sana na macho yasiyoona, hilo liligunduliwa 2001.

Amri yenyewe ya kuacha inatolewa na wale wazee wa ndani ya ukuta, inaitwa sklerostini. Kuna familia za Makaburu wa Afrika Kusini ambazo kinasaba cha sklerostini kimekufa, na huko si raha hata kidogo, mfupa wa kichwa unazidi kunenepa mpaka unabana mishipa ya fahamu, watu wanapoteza kusikia. Lakini ndugu zao wenye nakala moja mbovu na moja nzima wana mifupa mizito na afya nzuri tu. Watafiti wakaona basi tuizuie sklerostini kidogo kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Ndipo ilipotoka dawa ya sindano, romosozumab, iliyoruhusiwa Marekani 2019, inachomwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, na ina onyo kali kwa aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni. Kwangu mimi hii ndo sehemu tamu ya habari yote, ukoo mdogo wenye ugonjwa mzito umewapa dawa watu ambao hawahusiani nao kwa lolote.

Tatizo ni kwamba visa hivi vinamfanya msomaji aamini kuna “kinasaba cha mifupa” kimoja. Hata wanasayansi kiliwavuta. Mwaka 1994 timu ya Sydney ilichapisha kwamba kinasaba kimoja tu, cha kipokezi cha vitamini D, kinaeleza sehemu kubwa ya urithi wa uzito wa mfupa. Ilikuwa habari kubwa, kila mtu akakimbilia kukipima, matokeo hayaji, na 1997 wenyewe wakatoa sahihisho kwamba baadhi ya sampuli zilisomwa vibaya na nguvu yake ni ndogo kuliko walivyosema. Picha ya leo ni ya umati. Utafiti wa 2019 Uingereza uliwapima watu 426,824, wake kwa waume, kwa kipimo cha mfupa wa kisigino, ukapata maeneo 518 ya vinasaba yanayohusika, na yote kwa pamoja yakaeleza asilimia 20 tu ya tofauti. Kila moja linasukuma kidogo mno, ndugu mmoja akaangukiwa na mengi mabaya na mwenziwe machache, basi.

Na hao watu laki nne walikuwa wa asili ya Ulaya. Hesabu za hatari zinazojengwa kwa vinasaba vyao zinapoteza nguvu zikiletwa kwa Waafrika, na mtu wa Lamu mwenye bibi wa Pate na babu wa Hadhramaut sijui wangemuweka fungu gani. Tena kuna fumbo la Gambia. Wanawake wa vijijini huko wamechunguzwa miaka mingi, kalisiamu wanayokula ni ndogo, madini ya mifupa yao ni machache ukilinganisha na ya Waingereza, wakikoma hedhi wanapungukiwa kama wengine, na bado kuvunjika ni nadra. Yametajwa maelezo mengi, umbo la nyonga, kazi za mwili, namna ya kuanguka, hakuna lililofunga mjadala.

Kwa hivo kabla ya mtu kulipia kipimo cha vinasaba cha mtandaoni, kuna maswali ya bure yenye nguvu zaidi. Nani alivunjika nyonga, kwa baba na kwa mama. Mama alikoma hedhi na miaka mingapi. Umepungua kimo? Na lile linalodharauliwa kuliko yote, umewahi kuvunjika mkono pale karibu na kiganja, kwa anguko dogo tu la kusimama? Wengi hufungwa plasta, ukipona wanasahau, na ndo tukio la kumpeleka mtu akapimwe mifupa kwa mashine ya DXA, kwa sababu aliyevunjika mara moja kwa anguko dogo hatari yake ya kuvunjika tena ni karibu maradufu.