Nguruwe hapendi uchafu, anatafuta ubaridi

"Nguruwe bila uchafu hanenepi." Maneno haya husemwa huku magharibi mwa Kenya, kutoka Ahero hadi Busia, hata na watu waliosoma, na yamenichosha, kwa sababu ndiyo yanayowafanya wenye mabanda waache kufagia.

Mtazame nguruwe mwenye nafasi. Akiamka huondoka alipolala, akaenda kona yenye unyevu au upepo, mara nyingi karibu na maji, na hapo ndipo anapokunya. Halali hapo. Hata watoto wa siku chache hujisogeza nje ya kiota kabla ya kujisaidia. Sasa ukiwabana sita wa kilo 80 kwenye banda la mita 2 kwa 2, kona hiyo wataipata wapi?

Halafu joto. Tezi za jasho za nguruwe hazimsaidii kujipoza. Mkubwa hustarehe kati ya nyuzi 16 na 22; Kisumu mchana hufika 30, na chini ya bati lililoezekwa chini chini ni zaidi. Akikosa maji ya kujilowesha, atalala kwenye mkojo na mavi yake, maana hapo tu ndipo penye unyevu. Mpita njia anasema, si unaona anavyoupenda? Hapana! Mtazame ubavuni: pumzi zikizidi 50 kwa dakika naye amelala tu, joto limemzidi. Mloweshe polepole kivulini, usimmwagie ndoo ya maji baridi kwa ghafla. Tope lenyewe si kosa. Hukauka polepole kuliko maji, kwa hiyo humpoza muda mrefu, tena huikinga na jua ngozi nyeupe ya nguruwe wa aina ya Large White na Landrace. Kosa ni tope lililochanganyika na mavi, lenye mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara.

Kwa hiyo inua paa, na ukuta uishie mita 1 ili upepo upite. Sakafu ya simiti isiteleze, iteremke sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Maji yakae upande wa chini, matandiko makavu upande wa juu. Ukiyaweka maji anapolala, atakunya anapolala. Anayenyonyesha hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku. Sufuria moja ya asubuhi ni kumtesa.

Kuhusu kumfunga nguruwe kwa kamba nje, tunawaambia watu wamfungie bandani, na sababu ni nzito: anayezurura hula kinyesi cha watu, akapata malengelenge ya tegu nyamani, na hueneza homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba. Lakini hapa huwa nasita. Banda finyu la mbao lisilo na maji humtesa kuliko kamba chini ya mwembe. Kama mti ndio pekee ulio nao, mfunge kwa mkanda mpana kifuani, kwa sababu kamba nyembamba ya nailoni mguuni hukata ngozi mpaka nyama. Kivuli kinahama, naye mhamishe. Choo cha nyumbani kiwe na mlango unaofungwa, asifikie kinyesi.

Watoto mambo yao ni kinyume. Siku za kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kwenye kona ya maranda makavu yenye taa, mama asikoweza kuwalalia. Wakirundikana, wana baridi. Wakilala mbali na taa, iinue.