Je, wajua kwa nini picha ya mwanachama haikai kwenye mstari wake?

Chama kimoja cha akiba cha waendesha bodaboda hapa Arua kina rejista kwenye kompyuta. Kila mwanachama ana mstari wake katika jedwali: namba, jina, simu, steji anayoegesha na picha ya uso. Kwenye skrini mstari huo unaonekana mzima. Ndani ya diski, picha imewekwa mahali pengine.

Sababu ni ukurasa. Hifadhidata, yaani programu inayotunza jedwali hilo, haisomi diski mstari kwa mstari, husoma kurasa, yaani mafungu ya data yenye ukubwa mmoja. Kwa PostgreSQL, ambayo ndiyo hifadhidata tunayotumia, ukurasa una baiti 8,192, na mstari hauruhusiwi kuvuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Picha ya kilobaiti 60 haiwezi kuenea humo hata ukiisukuma.

Kwa hiyo tangu toleo la 7.1 la mwaka 2001 kuna utaratibu uitwao TOAST. Mstari ukizidi takriban kilobaiti 2, kwanza PostgreSQL hujaribu kubana yaliyo marefu, yaani kuyapunguza ukubwa. Maandishi marefu, kama katiba ya chama, hubanika vizuri. Picha ya simu imekwisha kubanwa tangu ilipopigwa, haipungui kitu. Hapo hukatwa vipande visivyofika baiti 2,000, na kila kipande huingia katika jedwali la pembeni kikiwa na namba ya picha na namba ya zamu yake. Picha yetu hutoa vipande 31. Kwenye mstari wa mwanachama hubaki kielekezi cha baiti 18 tu, kinachoonyesha picha iko wapi.

Faida yake naipenda sana. Tuseme mstari bila picha una baiti 150. Ukurasa mmoja utabeba zaidi ya hamsini, hivyo majina na simu za watu 400 hupatikana kwa kusoma kurasa nane. Picha zao zote ni karibu megabaiti 24, na hakuna anayeziamsha. Mtu akibadilisha laini ya simu, mstari wake huandikwa upya pamoja na kielekezi kilekile. Vipande 31 haviguswi.

MySQL, hifadhidata nyingine, nayo hufanya hivyo kwa namna yake: ukurasa wa kilobaiti 16, na katika mpangilio wake wa sasa hubakiza kielekezi cha baiti 20. Mpangilio wa zamani uliacha baiti 768 za mwanzo ndani ya mstari.

Wapo wanaotoa picha nje kabisa, zikawa mafaili kwenye folda, na jedwali likabaki na anwani ya faili. Watafiti wa Microsoft walipima mwaka 2006 wakaona vitu vilivyo chini ya kilobaiti 256 hukaa vyema ndani ya hifadhidata, na vinavyozidi megabaiti 1 hufaa zaidi kuwa mafaili. Mimi picha za uso na nakala za pamiti naziweka ndani. Niliwahi kusaidia chama kingine ambacho kompyuta yao iliungua. Nakala ya akiba kwenye flashi ilikuwa ya hifadhidata peke yake, folda ilisahaulika. Majina yote yalirudi, nyuso hazikurudi, na ikabidi watu waitwe steji kwa steji kupigwa picha upya.

Ila ukiandika programu, usiombe safu wima zote za jedwali kwa mazoea. Taja jina, simu na steji. Picha iombe pale karani anapomfungua mtu mmoja, maana ukiitaja tu, vipande vyote 31 vya kila mwanachama vitaunganishwa upya.