Maji hayafanyi kazi ya grisi mlimani

Mteremko ukiporomoka baada ya mvua, wengi husema udongo "umeteleza" kama mguu kwenye sakafu yenye sabuni. Picha hiyo inapotosha. Punje za mchanga zilizolowa husuguana karibu sawasawa na zilizokauka.

Kinachobadilika ni shinikizo. Punje hushikana kwa sababu uzito ulio juu yake unazibana. Maji yakijaa kwenye nafasi zilizo katikati yake, nayo husukuma, yakabeba sehemu ya mzigo huo. Mbano ukilegea, msuguano hupungua. Mhandisi wa udongo Karl Terzaghi aliliweka jambo hili kwenye hesabu miaka ya 1920, na wahandisi bado wanaitumia.

Chukua mchanga mkavu ujenge ukuta: hausimami. Ulowanishe kidogo, unasimama wima, maana maji machache huzivuta punje pamoja. Sasa mwagia ndoo nzima. Mvuto ule umetoweka, ukuta uko chini. Maji ni yale yale, tofauti ni kiasi chake.

Uzito wa maji nao umo, ila kwa kawaida si mkosaji mkuu kama unavyodhaniwa.

Kosa la hatari zaidi ni kuamini kwamba mvua ikikatika, hatari imekwisha. Udongo wa mfinyanzi hupitisha maji polepole mno, hivyo shinikizo la maji kule chini kabisa ardhini linaweza kuendelea kupanda kwa siku, hata wiki, jua likiwaka. Ukiona ufa mpya juu ya mteremko, au chemchemi pasipokuwa nayo, ondoka.